Aliyetoa figo akipata saratani miaka mingi baadaye: matibabu yanabadilika wapi?

mshauri_kisumu

Hamjambo wote. Kliniki yetu ya figo hapa Kisumu inaandaa karatasi ya maelezo kwa watu waliompa ndugu, mzazi au mtoto figo miaka kumi au ishirini iliyopita. Wengi walitoa wakiwa bado vijana, wakaambiwa figo moja inatosha, wakarudi Ahero, Bondo au Mumias kuendelea na shughuli zao. Aliyepokea figo ndiye aliyezidi kuja kliniki, aliyetoa akasahaulika. Sasa watoaji hao wamefika miaka 50 na 60, umri ambao presha, kisukari na saratani hubisha hodi hata kwa wenye figo mbili.

Kuhusu presha na kipimo cha mkojo tuna la kuwaambia. Tunakokwama ni kwenye saratani. Chukulieni mfano wa mama wa miaka 52, kilo 64, aliyetoa figo ya kushoto. Amepatikana na saratani ya mlango wa kizazi na kupangiwa mionzi pamoja na sisplatini, dawa ya kemo, kila wiki. Kreatinini yake, yaani taka ya damu inayopanda figo zikichuja kidogo, ni mikromoli 104 kwa lita. Maabara imeandika mpaka wa juu ni 115, kwa hiyo tokeo halikuwekewa alama yoyote. Daktari mmoja atasema figo ni moja, kemo itaimaliza, apewe mionzi peke yake. Mwingine atasema kreatinini ni ya kawaida, endeleeni. Nani yuko sahihi, na kwa hesabu gani?

Naomba pia takwimu za hatari za muda mrefu zilizo wazi, pamoja na jibu la swali ambalo familia huuliza kabla ya yote: je, kutoa figo ndiko kulikoleta saratani?

nesi_figo_nakuru

Nianze na swali la familia kwa sababu ndilo linalowanyima watu usingizi. Hapana. Hakuna ushahidi kwamba kutoa figo kunaleta saratani. Mkanganyiko unatoka kwa aliyepokea: yule humeza dawa za kupunguza kinga ya mwili maisha yake yote ili figo isikataliwe, na kinga ikipungua saratani kadhaa hupata nafasi. Aliyetoa hamezi dawa hizo. Zaidi ya hapo, watoaji huchunguzwa saratani kabla ya upasuaji, kwa hiyo huanza wakiwa na afya kuliko majirani zao. Miaka ikipita wanazeeka kama sisi sote, na saratani ya umri huwapata kama inavyotupata.

Sasa hatari za figo yenyewe. Figo moja ikitolewa, iliyobaki hukua na kufanya kazi zaidi. Baada ya miezi kadhaa uwezo wa kuchuja hutulia kwenye takriban asilimia 65 hadi 75 ya ule wa awali, wala si 50 kama wengi wanavyodhani. Mtu aliyekuwa na 100 atakuwa na 70 hivi. Umri nao utaendelea kupunguza polepole.

Takwimu inayonukuliwa zaidi ni ya utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014, uliofuatilia watoaji 96,217. Katika miaka 15, waliofikia hatua ya figo kushindwa kabisa walikadiriwa kuwa 30.8 kwa kila watoaji 10,000. Watu wenye afya kama yao ambao hawakutoa figo walikuwa 3.9 kwa kila 10,000. Kwa maisha yote makadirio yalikuwa 90 kwa watoaji, 14 kwa wenye afya ambao hawakutoa, na 326 kwa umma kwa jumla bila kuchujwa. Mpeni mtoaji namba zote tatu. Ukimpa ya kwanza na ya pili tu atatishika. Ukimpa ya kwanza na ya tatu tu utakuwa umemficha kitu.

Watoaji weusi wa Marekani walikuwa juu zaidi, 74.7 kwa kila 10,000 katika miaka 15. Msiichukue namba hiyo na kuibandika Kisumu kama ilivyo. Sehemu ya tofauti hiyo inahusishwa na aina mbili za jeni ya APOL1 ambazo zimejaa zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi, na huleta shida hasa mtu akirithi nakala mbili. La kuangalia zaidi huku kwetu kandokando ya ziwa ni chembe za selimundu: aliyerithi upande mmoja tu haugui, lakini figo zake zinaweza kuathirika baadaye, kwa hiyo kipimo hicho kiwepo kwenye faili la mtoaji tangu mwanzo.

Mengine kwa haraka: namba ya juu ya presha hupanda takriban mmHg 5 zaidi ya ambavyo ingepanda kwa umri pekee. Kwa mwanamke ambaye bado anazaa, utafiti wa Ontario, Kanada, wa 2015 ulikuta presha ya ujauzito au pre-eklampsia (hatua inayotangulia kifafa cha mimba) katika asilimia 11 ya mimba za watoaji, dhidi ya 5 kwa wasiotoa. Ugonjwa wa jongo nao huongezeka kidogo. Huo utajeni vizuri kwenye karatasi yenu, kwa sababu anayeumwa na kidole gumba cha mguu hukimbilia diklofenaki dukani, na diklofenaki ndiyo inayoiumiza figo iliyobaki.

Ufuatiliaji ni mara moja kwa mwaka, maisha yote: presha, uzito, kreatinini na eGFR (kadirio la uwezo wa figo kuchuja), na albumini, yaani protini, kwenye mkojo. Albumini ikilinganishwa na kreatinini ya mkojo iwe chini ya miligramu 3 kwa milimoli. Ikizidi, rudia; ikizidi tena, ni ishara ya mapema kuliko kreatinini. Na anywe maji mengi, lita 3 kwa siku.

mfamasia_kemo_eldoret

Asante nesi kwa kuweka msingi. Nichukue huo mfano wa kemo, kwa sababu madaktari wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa upande wake.

Aliyetoa figo si mgonjwa wa figo. Mgonjwa wa figo ana figo mbili zinazoharibika na zitaendelea kuharibika. Mtoaji ana figo moja nzima. Lakini pia si mtu wa figo mbili, kwa sababu hana akiba. Mwenye mbili akipoteza theluthi ya uwezo kwa sababu ya sisplatini atabaki na nafasi ya kupumua. Mtoaji akipoteza theluthi hiyohiyo anaingia kwenye eneo ambalo dawa nyingine zote zinaanza kukatazwa.

Kwanza wekeni kando mpaka wa maabara. Huo 115 umechanganya wanaume na wanawake, na kwa mama wa kilo 64 kreatinini ya 104 si ndogo. Fanyeni hesabu ya Cockcroft na Gault ya kukadiria uwezo wa kuchuja: 140 toa umri, mara uzito, mara 1.04 kwa mwanamke (1.23 kwa mwanamume), gawanya kwa kreatinini. Yaani 88 × 64 × 1.04 ÷ 104, jibu ni mililita 56 kwa dakika. Fomula ya CKD-EPI ya 2021 nayo inatoa 56. Hizo fomula hazikutengenezwa kwa watoaji na mara nyingi huwapunja, zikionyesha uwezo mdogo kuliko ulivyo. Ndiyo maana kabla ya kumnyima mtu sisplatini kwa sababu ya 56, pimeni mkojo wa saa 24. Ni kipimo cha zamani, ni cha bei nafuu, na hospitali ya kaunti inakiweza.

Namna ya kukusanya: asubuhi akiamka, mkojo wa kwanza anaumwaga na kuandika saa. Kuanzia hapo kila tone linaingia kwenye chombo, usiku na mchana, hadi mkojo wa kwanza wa asubuhi inayofuata, nao unaingia. Chombo kiwe cha lita 3 na kikae mahali pa baridi. Siku hiyohiyo damu itolewe. Tuseme umepata mililita 1,800 zenye kreatinini milimoli 5.2 kwa lita. 5.2 × 1,800 ni 9,360. Gawanya kwa zao la kreatinini ya damu kwa milimoli na dakika za siku, yaani (0.104 × 1,440). Unapata 62 na nusu.

Kosa la kawaida ni mkojo mmoja kupotelea chooni, hasa usiku au wakati wa haja kubwa, na jibu linashuka kwa uongo. Kosa la pili ni kuingiza ule wa kwanza uliopaswa kumwagwa, na jibu linapanda kwa uongo, ambalo ni hatari zaidi. Hakikisheni kwa kujumlisha kreatinini yote ya siku: hapa ni milimoli 9.4, yaani kama 0.15 kwa kila kilo, inayoingia akilini kwa mwanamke wa umri huo. Ingetoka 0.08, tupeni mkojo huo na kuanza upya.

Vituo vingi huweka mpaka wa sisplatini kwenye 60. Vingine hushuka hadi 50 kwa dozi hii ya kila wiki ikiwa lengo ni kuponya. Kwa hiyo mama huyu anaweza kupewa, kwa masharti. Dozi ni miligramu 40 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Akiwa na urefu wa sentimita 160 eneo lake ni 1.69, dozi ni miligramu 67, na haizidi 70 hata mwili ukiwa mkubwa. Maji ya chumvi ya kawaida lita 1 kabla na lita 1 baada, pamoja na salfeti ya magnesiamu gramu 1 hadi 2, kwa sababu sisplatini humwaga magnesiamu kwenye mkojo, na upungufu wake huifanya figo iumie zaidi. Dawa ya kuzuia kutapika apewe ya kutosha na nyingine abebe nyumbani. Wengi huumia figo siku ya tatu au ya nne, wakiwa nyumbani, wanatapika na hawanywi kitu, ilhali dripu ilikwenda vizuri kabisa.

Kabla ya kila dozi pimeni kreatinini, potasiamu na magnesiamu. Kreatinini ikifika mara moja na nusu ya ile ya kuanzia, kwake ni 156, acheni sisplatini. Lakini msisubiri hadi 156. Ikipanda kwa 26 ndani ya siku mbili hilo tayari ni jeraha la figo, hata kama karatasi ya maabara haina alama.

Mkiamua sisplatini haifai, kuna kaboplatini ya kila wiki. Yenyewe hupimwa kwa fomula ya Calvert: lengo la AUC (kiasi cha dawa ambacho mwili unalengwa kukipata) mara (GFR + 25), GFR ikiwa ni uwezo wa figo kuchuja. Kwa AUC 2 na GFR 56 ni 2 × 81, miligramu 162. Hapa ndipo penye hatari ya kumdhania mtu ana figo mbili: ukiandika GFR 100 kwa mazoea utampa 250, na seli za damu zitaanguka. Ukiwa na GFR ya kupimwa, tumia hiyo.

Tafadhali, mionzi isisimamishwe mkibishana kuhusu kemo. Kwa saratani ya mlango wa kizazi mionzi ndiyo nguzo, na yote, ya nje na ya ndani, inapaswa kuisha ndani ya wiki 8.

Kwa saratani nyingine jedwali linabadilika. Doksorubisini, paklitakseli, tamoksifeni na trastuzumabu hazitegemei figo kutoka mwilini, kwa hiyo mtoaji mwenye saratani ya matiti mara nyingi hupata dozi kamili bila mjadala. Kapesitabini hupunguzwa kwa robo uwezo wa kuchuja ukiwa kati ya 30 na 50, na chini ya 30 haitolewi. Pemetreksedi inataka 45 au zaidi. Ifosfamidi na methotreksati ya dozi kubwa ni za kuogopwa. Mwulizeni daktari wa figo kabla. Asidi ya zoledroniki ya kuimarisha mifupa ni miligramu 4 juu ya 60, 3.5 kati ya 50 na 60, 3.3 kati ya 40 na 49, 3 kati ya 30 na 39, na chini ya hapo usiguse. Bevasizumabu hupandisha presha na kumwaga protini, kwa hiyo dipstiki ya mkojo kabla ya kila dozi. Dawa mpya za kuamsha kinga hazipunguzwi dozi, lakini zinaweza kuifanya figo ivimbe kwa ndani wiki au miezi baadaye. Kreatinini ikipanda bila sababu kwa anayezitumia, asiambiwe tu anywe maji. Hapo huenda dawa sahihi ni steroidi.

Na nesi, samahani, hizo lita 3 siziungi mkono. Hakuna faida iliyothibitishwa ya kujilazimisha maji kwa mtoaji mwenye afya. Anywe kwa kiu, mkojo uwe wa rangi ya majani makavu mepesi. Kwenye joto la Kisumu huenda zikawa lita 2 na nusu, na kwenye baridi ya Nakuru moja na nusu. La muhimu ni asikauke anapoharisha au kutapika.

nesi_figo_nakuru

Nimekubali kuhusu maji. Tuandike "kwa kiu", tusiandike lita.

picha_na_skani

Kuna jambo moja ambalo mfamasia hakuligusa, na kwa saratani ya mlango wa kizazi nadhani linatangulia hata hesabu ya dozi. Mtoaji ana mrija mmoja tu wa kushusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofu.

Uvimbe wa mlango wa kizazi ukienea pembeni hubana mirija hiyo. Kwa mwanamke mwenye figo mbili, mrija mmoja ukibanwa figo ya pili inabeba, na kreatinini inaweza kubaki kawaida kwa muda mrefu. Kwa mtoaji hakuna wa kubeba. Mrija ukibanwa mkojo unapungua au unakatika, na kreatinini na potasiamu zinapanda ndani ya siku chache. Kibaya zaidi, uvimbe wa saratani hubana polepole, kwa hiyo mara nyingi hakuna maumivu ya kumshtua mtu. Kwa hiyo kila mtoaji mwenye saratani ya nyonga, iwe ya mlango wa kizazi, kibofu au tezi dume, apigwe altrasaundi ya figo siku ya kwanza, na irudiwe wakati wowote kreatinini ikisogea. Figo ikionekana imejaa maji, kwanza mkojo ufunguliwe njia, kwa stenti (kijirija cha kushikilia njia wazi) inayopitishwa kibofuni au mrija mwembamba unaotobolewa mgongoni hadi kwenye figo. Sisplatini isubiri hadi kreatinini itulie. Kumpa kemo figo ikiwa imeziba ni kumwongezea jeraha juu ya jeraha.

Sasa mtego wa ripoti. Mtaalamu wa altrasaundi ambaye hakuambiwa historia ataandika "figo ya kushoto haikuonekana". Ripoti hiyo ikifika kwa daktari wa saratani naye hajaambiwa, anaweza kuisoma kama figo iliyokufa kwa kubanwa na uvimbe. Kwenye ngazi za saratani za FIGO (si figo ya mwilini, ni kifupi cha shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake), figo kujaa maji au kutofanya kazi kwa sababu ya uvimbe humpandisha mgonjwa hadi IIIB. Mtu wa ngazi ya IIA anageuka wa IIIB kwa karatasi tu, na matibabu yanabadilika. FIGO yenyewe inasema isipokuwa kama kuna sababu nyingine inayojulikana, na kutoa figo ni sababu inayojulikana. Lakini ijulikane!

Mtego wa pili: figo iliyobaki ni kubwa kuliko kawaida kwa sababu imekua. Asiyejua ataandika "figo imevimba". Ukubwa peke yake si kuziba. Angalia kama sehemu ya katikati imejaa maji.

Kuhusu skani ya CT yenye dawa ya kung'arisha: watoaji wengi hukataliwa bure. Kuwa na figo moja si sababu ya kunyimwa. Kama eGFR imepita 30 na hajakauka, hatari ni ndogo. Kinachoumiza zaidi ni kutouona uvimbe. Mkitaka uangalifu, anywe maji vizuri siku hiyo na diklofenaki iachwe siku mbili kabla.

mshauri_kisumu

Hilo la IIIB limetufungua macho. Asante sana.

Maswali mawili zaidi. Je, mionzi yenyewe inaidhuru figo iliyobaki? Na nyumbani tuwaambie nini kuhusu dawa za maumivu na homa? Huku malaria haiishi, na mgonjwa wa kemo akipata joto la mwili familia humpeleka zahanati ya karibu, si hospitali ya saratani.

mfizikia_mionzi

Kwa mionzi inategemea inapigwa wapi. Matiti, koo, na mlango wa kizazi ukiwa umepangiwa nyonga tu: figo iko mbali, dozi inayoifikia ni ndogo mno. Shida huanza pale eneo linapopandishwa kufuata tezi za limfu kando ya mshipa mkuu wa tumbo, au saratani ikiwa tumboni, kwenye kongosho, au chini kabisa ya umio. Hapo figo ina hatari ya kuingia ndani ya eneo.

Kwa figo mbili wastani wa dozi huwekwa chini ya Gy 18 (grei, kipimo cha mionzi) hivi. Kwa figo moja hatusimami kwenye namba hiyo, tunashuka chini kadiri mpango unavyoruhusu. Figo ya kushoto hutolewa mara nyingi zaidi kwa sababu mshipa wake wa kurudisha damu ni mrefu na hurahisisha kuunganisha, kwa hiyo watoaji wengi hubaki na ya kulia, iliyo chini ya ini. Mpangaji akijua mapema anaweza kugeuza pembe za miale. Akijua baada ya wiki tatu, dozi imeshaingia na haitoki. Kituo cha Nakuru, cha Eldoret, popote atakapokwenda, neno hilo lisemwe siku ya skani ya kupanga.

mfamasia_kemo_eldoret

Dawa za nyumbani. Parasetamoli ndiyo ya kwanza, gramu 1 hadi mara nne kwa siku kwa mtu mzima mwenye ini zima. Diklofenaki, ibuprofeni, piroksikamu na meloksikamu, hapana, iwe kidonge au sindano. Sindano ya diklofenaki ndiyo inayowaponyoka wengi, kwa sababu zahanati huichoma bila kuuliza mgonjwa akija na maumivu. Vidonge vya kichwa vya dukani visomwe nyuma. Vingi vina aspirini ndani. Maumivu yakizidi, tramadoli au morfini ya maji. Morfini inafaa kwenye eGFR ya 56, lakini uwezo ukishuka chini ya 30 mabaki yake hujikusanya: mgonjwa anasinzia mno, misuli inarukaruka. Hapo dozi ipunguzwe na muda kati ya dozi urefushwe, asiachwe na maumivu.

Mitishamba iachwe kabisa wakati wa kemo. Najua hili ni gumu kusema kwa mzee aliyezoea, lakini zipo zinazoharibu figo moja kwa moja, na hakuna anayejua dozi iliyomo kwenye chupa.

Homa kwa anayetumia kemo ni dharura, hata kipimo cha malaria kikiwa na jibu la ndiyo. Malaria itibiwe, lakini chembe nyeupe za damu zipimwe siku hiyohiyo, kwa sababu anaweza kuwa na vyote viwili. Malaria kali yenyewe huangusha figo, kwa hiyo chandarua si jambo dogo kwa mtoaji wa Nyando au Siaya. Sasa dawa ya kuogopa kwenye zahanati: jentamisini, antibiotiki ya sindano. Ni rahisi, ipo kila mahali, na huchomwa haraka mtu akiwa na homa kali. Kwa mwenye figo moja aliyepata sisplatini wiki iliyopita ni mchanganyiko mbaya, kwa figo na kwa masikio. Andikeni kwa herufi kubwa: ASICHOMWE JENTAMISINI IKIWA KUNA NYINGINE.

Anayetapika au kuharisha na anameza dawa ya presha ya kundi la enalaprili au losartani, au metformini, azisimamishe hadi aweze kula na kunywa tena kwa saa 24 hadi 48, kisha arudie. Muda huo ORS, vikombe vidogo mara nyingi.

nesi_figo_nakuru

Basi karatasi yenu iwe na kadi ndogo ya kubebwa kwenye pochi pamoja na kitambulisho. Maneno machache: nilitoa figo, mwaka, upande, hospitali. Kreatinini ya mwisho na tarehe yake. Dawa za kuepuka. Nambari ya kliniki yenu. Kovu la upasuaji wa kamera ni dogo na hufichwa chini ya kitovu, kwa hiyo mwili hautawaambia madaktari kitu; na baadhi ya watoaji wenyewe hawataji, kwa sababu wakiulizwa "una ugonjwa gani?" hujibu "sina". Wafundisheni kusema hata kama hawajaulizwa.

Uchunguzi wa saratani kabla ya dalili ufuate umri, kama kwa mtu yeyote. Kipimo cha HPV (virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi) kwa wanawake kuanzia miaka 30, matiti, na wanaume waliopita 40 wazungumze na daktari kuhusu tezi dume. Faida kwa mtoaji ni kubwa zaidi: kidonda cha mlango wa kizazi kinachotibiwa kwa kugandishwa hakihitaji sisplatini wala hakifiki kwenye mrija wa figo. Damu kwenye mkojo, hata mara moja bila maumivu, ichunguzwe. Ikitokea uvimbe kwenye figo yenyewe iliyobaki, daktari wa upasuaji aombwe kukata uvimbe tu na kuacha figo, na hili linawezekana zaidi ukionekana ungali mdogo.

picha_na_skani

Ongezeni mstari mmoja kwa ajili ya ndugu aliyepokea. Mtoaji akipatikana na saratani muda mfupi baada ya kutoa, hospitali iliyopandikiza iarifiwe siku hiyohiyo. Marekani wana sheria ya kuripoti ikitokea ndani ya miaka miwili. Huenda chembe za saratani zilivuka pamoja na figo, na yule ndugu anameza dawa za kupunguza kinga, kwa hiyo atahitaji skani ya figo aliyopewa bila kungoja dalili. Ikiwa imepita miaka kumi na tano, uwezekano huo ni mdogo sana na familia isitiwe hofu. Inatosha kumwambia daktari wake kwenye kliniki inayofuata.

mshauri_kisumu

Tumechukua: kadi ya pochi, altrasaundi siku ya kwanza, mkojo wa saa 24 kabla ya kukataa sisplatini, jentamisini kwa herufi kubwa, na "figo ya kushoto ilitolewa kwa hiari" iandikwe kwenye fomu ya kuomba picha. Tutaichapisha kwa Kiswahili na Dholuo. Aliye na maneno ya Kiluhya ya mrija wa mkojo yatakayoeleweka Mumias hadi Webuye, naomba ayaandike hapa chini kabla ya Ijumaa.